Mkono Kwenye Mshipi

Shida zangu zilianza mwaka wa 1994, nikiwa na miaka arobaini na mbili. Kabla ya hapo nilikuwa maskini tu, na umaskini nilikuwa nimeuzoea. Nilichimba mawe kule Tabaka, yale mawe laini wanayochonga viboko na sahani za kuuzia wageni. Siku moja ukuta wa shimo ukaporomoka nikiwa nimeinama. Walinichimbua nikiwa hai, lakini mgongo haukurudi ulivyokuwa. Nikawa mtu wa kukaa kwenye kiti mbele ya nyumba, nikimwangalia mke wangu akienda kuchuma chai ya watu.

Shule nilifika darasa la tatu. Haya ninayaandika kwa mkono wangu mwenyewe, polepole, na anayetaka Kiswahili cha Mombasa aende Mombasa.

Kazi iliyonitoa kwenye kile kiti nilitafutiwa na mkwe wangu, na hilo liliniuma kuliko mgongo. Mkwe ndiye anayepaswa kuja kwako na ng'ombe, wewe huendi kwake na mikono mitupu. Alikuwa mume wa binti yangu wa kwanza, kijana wa kanisa la Sabato, mpole, asiyekunywa wala kuvuta. Alipika sabuni katika kiwanda kidogo cha familia moja ya Kihindi, nje kidogo ya mji wa Kisii. Hakuniambia yeye mwenyewe. Alimtuma binti yangu.

"Tata, kuna nafasi ya kukata sabuni. Si kazi ya mgongo, ni ya kusimama."

"Nani amesema nataka kazi?"

"Hakuna aliyesema. Mama ndiye anachoka."

Nikaenda.

Kile kiwanda kilitengeneza sabuni ya miche, dawa ya kuondoa madoa na dawa ya kusafishia vyoo. Ukiingia, harufu inakushika kooni kama mkono wa mtu. Kitu kikubwa pale kilikuwa kostiki soda. Inakuja kwenye magunia, vipande vyeupe kama mvua ya mawe. Ukiitia kwenye maji, maji yanachemka bila moto. Ikikumwagikia haichomi papo hapo kama uji wa moto. Inateleza tu, kama sabuni, unadhani umepona, kumbe imeanza kula. Wenyeji wa pale waliiogopa kuliko moto. Moto, walisema, angalau unakuambia ukweli.

Sasa ni lazima nieleze kitu kimoja, kwa maana bila hicho hutaelewa mengine. Sisi Wagusii tuna jambo tunaloliita chinsoni. Ni heshima, lakini ni heshima iliyo na aibu ndani yake. Baba na mwana hawaonani uchi. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Na mkwe amezidi mwana. Mimi kumwona mkwe wangu bila nguo, au yeye kuniona mimi, ni kitu ambacho hata kukiwaza unageuza uso. Si sheria iliyoandikwa mahali. Iko mwilini, kama vile jicho linavyojifunga vumbi likija.

Kwa hiyo tulijipanga. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kimoja. Nikifika mlangoni nilikohoa. Kama yumo, alitoka kwa mlango wa nyuma hata kama shati liko nusu. Mchana alikula upande wa magunia, mimi upande wa mizani. Wapakiaji walitucheka.

"Mzee akikohoa, mpishi anaruka kama panya!"

"Wewe cheka," niliwaambia. "Utaoa siku moja, kama kuna baba mwenye roho mbaya ya kukupa binti."

Tuliishi hivyo vizuri kabisa. Nasema ukweli, sikuwahi kuwa na mkwe mwingine ninayemheshimu kama yule. Jumapili alinitumia ndizi, na kila mwisho wa mwezi binti yangu alikuja na watoto.

Mwaka uliofuata, kampuni ya Nairobi iliyotuuzia kostiki ikasema haituletei tena mzigo mpaka wafanyakazi wafundishwe usalama. Mdosi wetu, yule Mhindi mwenye kiwanda, hakubisha. Akajenga bafu la dharura kando ya ukuta: bomba lililotoka kwenye tangi la juu, na mnyororo wa kuvuta. Ukivuta, maji yanakushukia kama mvua ya Aprili. Ukiachia, yanakatika. Halafu akaja mwalimu.

Alikuwa kijana mwembamba, mtu wa adabu, mgeni kwetu. Alishusha kwenye pikapu televisheni, mashine ya video, redio ya kaseti na sanduku moja, akatukusanya katika stoo.

"Wazee wangu, mimi sifundishi kwa mdomo," alisema. "Maneno ya mdomo husahaulika. Mimi nitawatia ndani ya ajali yenyewe, muione, muisikie, halafu niwatoe."

"Na ukishindwa kututoa?" nyapara akamuuliza. Tukacheka, naye akacheka.

Kwanza alituonyesha video. Kiwanda cha ng'ambo, kikubwa, kisafi kama hospitali. Bomba linapasuka, Mzungu anamwagikiwa, anakimbia bafuni, na huko anavua kila kitu. Kila kitu, mpaka akabaki alivyozaliwa, maji yakimshukia. Wapakiaji wakapiga kelele. Mimi niliangalia mabati ya juu. Katika stoo ile mlikuwa na mtu na mwanawe wa kuzaa, mlikuwa na wajomba, na mlikuwa na sisi wawili. Niliposhusha macho, mkwe wangu alikuwa ameshatoka nje, amesimama na mgongo wake kwetu.

Mwalimu hakuona. Akafungua sanduku, akatoa miwani mikubwa ya plastiki iliyopakwa rangi nyeupe kwa ndani. Ukivaa, dunia yote inakuwa maziwa.

"Hivi ndivyo utakavyoona kostiki ikikuingia machoni," alisema. "Mzee, anza wewe."

Nikavaa. Akafungulia kaseti sauti mpaka mwisho. King'ora, mvuke unaofoka, watu wanalia kwa Kizungu. Halafu, bila kuniambia, akaninyunyizia maji mapajani kwa pampu ile ya kuogeshea ng'ombe dawa.

"Umemwagikiwa! Bafu liko wapi? Mkono ukutani! Fuata ukuta!"

Nilijua ni maji. Nilijua ni kaseti. Moyo wangu haukujua. Nilienda nikipapasa ukuta kama kipofu, jasho linanitoka, na nilipoukamata ule mnyororo nilikaribia kulia. Mimi niliyetoka chini ya mawe Tabaka bila kulia.

"Vizuri! Sasa vua nguo."

Nikasimama.

"Vua, mzee. Nguo ndiyo inayoshika dawa. Suruali, viatu vya gambuti, vyote."

"Sivui."

"Ni mazoezi tu, mzee wangu."

"Nimesikia ni mazoezi. Sivui."

Kaseti ikaendelea kulia peke yake. Nyapara akaenda akaizima, akamvuta mwalimu kando, lakini nyapara hakuwa na sauti ya kando. Sote tulisikia. "Mwalimu, hapa kuna baba na wana. Huyu mzee, yule pale mlangoni amemwolea binti. Hata ukitushikia bastola, hapa hakuna mtu atavua."

Yule kijana akafikiri. Nilimwona akifikiri kwa heshima, na ndiyo sababu mpaka leo sijaweza kumchukia.

"Kwetu pia kuna wakwe," alisema. "Basi tufanye hivi. Ukifika bafuni, weka mkono kwenye mshipi wa suruali, halafu sema kwa sauti, 'Nimevua!' Mimi nitahesabu umevua."

Tulimpigia makofi. Nyapara alisema huyu mtoto amelelewa na mama. Tukafanya hivyo siku nzima, mmoja mmoja, kwa zamu. Miwani, kaseti, maji, ukuta, mnyororo, mkono kwenye mshipi, "Nimevua!" Mkwe wangu ndiye aliyeshinda wote. Alikuwa mwepesi, hakukosea hata kidogo, na mwalimu alimpa kofia ya kampuni mbele ya watu. Mdosi akasema tutarudia mazoezi kila mwezi, na tulirudia, nyapara akisimamia.

"Siku ikifika," mwalimu alituambia akiondoka, "msifikiri. Mwili utajua wenyewe."

Na mwili ulijua.

Ilikuwa asubuhi, mvua imenyesha, lori liko langoni injini ikinguruma na watu karibu wote wako huko wakipakia. Ndani tulibaki mimi na yeye. Mimi nilikuwa nakata miche kwa waya, mgongo kwake, kama kawaida yetu. Yeye alikuwa anavuta maji ya kostiki kutoka kwenye pipa kwenda kwenye sufuria kubwa kwa pampu. Mpira wa pampu ukachomoka. Nilisikia kama nyoka anayefoka, halafu nikasikia miguu inakimbia.

Niligeuka. Alikuwa amelowa kutoka kiunoni kwenda chini. Miwani ya kazi alikuwa ameivaa, safi, na usoni hakuguswa hata tone. Angeweza kuona kila kitu. Lakini alikimbia macho ameyafumba, mkono mmoja unapapasa ukuta, vile vile alivyofundishwa. Akafika, akavuta mnyororo, maji yakaja. Akaweka mkono kwenye mshipi.

"Nimevua!" alipiga kelele. Kwa Kiswahili. Sisi wawili hatukuwahi kuongea Kiswahili.

Akasimama pale ndani ya suruali nzito, mshipi umefungwa, gambuti zimejaa.

Nilikimbia kadiri mgongo ulivyoniruhusu. "Vua! Vua gambuti!"

"Nimevua, tata."

"Hujavua! Angalia miguu yako!"

Akafumbua macho. Nafikiri ndipo ilipoanza kumuuma, kwa maana uso wake ulibadilika. Akaangalia miguu, akaniangalia mimi, na neno lililomtoka halikuwa la kuomba msaada.

"Tata, toka kwanza. Toka nivue."

Mkono wake ulikuwa unaachia mnyororo. Nikaukamata mimi.

"Nikitoka maji yanakatika."

"Basi geuka. Nakuomba, tata, geuka."

Nikageuka. Nilielekeza uso ukutani, mkono juu kwenye mnyororo, na nikamsikia nyuma yangu akipigana na ule mshipi. Kostiki inafanya vidole viteleze. Nilimwita nyapara, nikawaita wapakiaji, nikamwita mpaka mdosi, lakini lori lilinishinda sauti. Halafu nikasikia ameanguka. Akaanza kulia ile sauti ambayo mtu mzima haifanyi akiwa na akili zake.

Nikajizungushia mnyororo kwenye kiwiko ili uzito wangu uuvute. Nikachomoa kisu cha kufungulia magunia. Nikageuka.

Nilikata mshipi. Nilikata suruali kutoka juu mpaka chini. Gambuti la kulia lilitoka, la kushoto lilikataa, nikalikata pia, na kilichomwagika kutoka ndani yake siwezi kukiandika. Niliona yote ambayo sikupaswa kuyaona. Yeye hakujifunika mwili. Alijifunika macho yake mwenyewe, kwa mikono miwili, kama mtoto anayedhani asipokuona nawe humwoni. Vidole vyangu mpaka leo havina kucha mbili. Watu walipofika walitukuta hivyo: mkwe uchi sakafuni, na baba mkwe juu yake na kisu.

Hakuna aliyecheka siku hiyo.

Daktari wa pale Kisii alisema bila yale maji angekufa. Mapaja na magoti yangepona, na kweli yalipona, ingawa kwa makovu. Mguu wa kushoto ulikatwa juu kidogo ya kifundo. Ni lile gambuti lililokataa. Daktari aliniuliza kwa nini hakuvua mapema, maana mshipi na viatu ni kazi ya muda mfupi tu. Nilimwambia mimi ni baba mkwe wake. Daktari alikuwa Mgusii. Akaandika kitu, hakuniuliza tena.

Nilienda kumwona wodini. Alikuwa amelala uso ukutani, na nilipoingia hakugeuka. Nilisimama nikamwambia pole, nikamwambia watoto wako kwangu na wanakula vizuri. Shuka likasogea kidogo, akalivuta mpaka kichwani. Binti yangu akanisindikiza hadi nje.

"Tata, usije tena."

"Ni yeye amesema?"

"Hajasema. Siku ukija hali chakula."

"Mwambie mimi sikuona kitu."

"Tata," alisema, na alikuwa analia, "nitamwambiaje hivyo? Wewe ndiye uliyekata nguo."

Mimi si mtu wa kuacha jambo limelala. Kwetu aibu ya namna hiyo ina dawa yake, na mimi niliijua. Mbuzi anachinjwa, wazee wanakaa pamoja, watu hao wawili wanakula nyama ya mnyama mmoja, maneno yanasemwa, na kilichoonekana kinakuwa hakikuonekana. Wazee wangu walikubali. Nikatafuta beberu asiye na doa, na mkwe alipotoka hospitali kwenda kwa baba yake, upande wa Nyamira, nikampeleka kwa kamba mimi mwenyewe.

Baba yake alikuwa mzee wa kanisa. Alinipokea vizuri, akaniletea kiti na maziwa. Akamwangalia yule beberu aliyefungwa kwenye mgomba.

"Mwenzangu, huyu ni wa nini?"

"Unajua ni wa nini."

"Sisi tuliacha damu. Damu ilishamwagika mara moja, ikatosha."

"Sawa. Imetosha kwako. Kwa mtoto wako imetosha?"

"Tutaomba."

"Ombeni. Lakini mwite aje aniangalie usoni. Akiniangalia, nitarudi na mbuzi wangu na sitasema neno."

Akainuka, akaingia nyumba ya kijana. Alikaa huko sana. Alipotoka alikuwa peke yake, akapiga magoti akaomba, ombi zuri, refu, la machozi, akanitaja mimi na mikono yangu na akamshukuru Mungu kwa ajili ya mikono hiyo. Nikasema amina. Nini kingine ningesema? Ni mtu mwema. Wote ni watu wema. Lakini aibu ya mababu waliishika, dawa ya mababu wakaikataa. Mtoto wao akabaki katikati na mguu mmoja.

Nilirudi na beberu. Njiani, pale Itumbe, watu waliokuwa wakipeleka majani kwenye kiwanda cha chai waliniuliza kama nauza. Nikawaambia huyu hauzwi. Nilipofika nyumbani nikamchinja, tukala mimi na mke wangu na majirani, na nyama ilikuwa nyama tu.

Kule kwenye sabuni mambo yalibadilika. Mdosi alizungushia bafu mabati mapya, akaweka mkasi mkubwa unaning'inia, na akaagiza kwamba watu wanaoheshimiana kwa ukwe au ubaba wasiwe zamu moja. Yule mwalimu alirudi. Aliposikia, alikaa juu ya magunia na hakufungua sanduku lake mpaka mchana. Halafu akaniomba niongee na watu badala yake. Sikuwa na mengi. Niliwaambia: mkishika mshipi, fungueni. Wazee wafundishwe peke yao, vijana peke yao, na mtu avue kabisa, akubali baridi. Tangu hapo walivua. Wapakiaji walipiga kelele za utani ndani ya mabati yale na mimi nilikuwa mbali, nikikata sabuni.

Sikukaa sana. Mwaka mmoja baadaye niliacha, nikaanza kununua miche kwa mdosi na kuiuza sokoni, Jumatatu huku, Alhamisi kule, sabuni kichwani. Nilitembea mpaka mgongo ukachoka kuniuma. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Nilichonacho nilikitoa kwenye miguu yangu, na sioni haya kusema hivyo.

Binti yangu na mumewe walibaki Nyamira. Binti anakuja, watoto walikuja mpaka wakawa watu wazima. Yeye hakuja. Mke wangu alipofariki, desturi ilimtaka mkwe wa kwanza awepo, na alikuwepo. Niliambiwa. Alisimama na magongo yake nyuma ya migomba, nje ya boma, mpaka udongo ulipofunika jeneza, halafu akaondoka kabla ya watu kutawanyika. Nilituma mtu amfuate na chakula. Alichukua chakula, akasema ahsante, akasema mwambie tata namheshimu.

Najua ananiheshimu. Angenidharau kidogo tu, angekuwa amekaa hapa kwangu tunakunywa chai.

Watu huniuliza kama najuta kugeuka na kile kisu. Sijuti. Watoto wake wana baba.

Leo nina ekari mbili za chai na nusu ekari ya migomba. Nina ng'ombe wawili wa gredi na ndama. Nina posho mill ya kusagia watu mahindi, na duka dogo pembeni yake. Nina vyumba vya kupangisha chini ya kilima cha Nyanchwa, vyote vina watu. Nina nyumba ya matofali yenye umeme na tangi la maji. Nina pikapu ya zamani inayowaka. Nina kaburi la mke wangu, limejengewa saruji. Nina watoto watano, wajukuu wengi, na wakwe watatu. Wawili huingia kwangu.